Kijivu cha Njiwa kwa Watu Ishirini na Wawili

Jumatano, 20 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri: nachukia rangi nyekundu. Si kwa sababu ya siasa wala ya mpira. Ni kwa sababu ndiyo rangi ya uso wangu. Mwalimu akitaja tu jina langu, Neda, hata kama ananiita nichukue daftari, naanza kuiva shingoni, napanda mashavuni, namalizia masikioni. Darasani wananiita Pilipili. Nina miaka kumi na sita, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeiva.

Lakini leo nimepewa kazi ya heshima! Dada yangu Ralitsa anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Harusi ndogo. Watu ishirini na wawili, ofisi ya manispaa, kisha chakula cha mchana kwenye mkahawa wa mtoni. Kanisani haiwezekani, ni Kwaresima. Kungoja Pasaka haiwezekani pia, kwa kuwa Shemeji Lyuben ni fundi wa mitambo kwenye meli ya mizigo, na tarehe mbili Aprili meli inaondoka kuupanda mto Danube. Haitarudi mpaka zabibu ziive.

Dada alinikalisha jikoni. Akasema gauni analo Mama, samaki anao Baba, muziki anao Lyuben. Kimebaki kitu kimoja hakina mwenyewe: rangi. Akasema nichague mimi, maana mimi ndiye ninayesoma vitabu. Akasema picha moja itawekwa kwenye fremu na Lyuben ataitundika juu ya kitanda chake melini, ataitazama miezi sita, kwa hiyo nisije nikaharibu.

Sijawahi kuharibu kitu maishani. Sijawahi kufanya kitu maishani, ndiyo maana.

Nilikimbia maktaba nikaazima kitabu cha nadharia ya rangi, kurasa mia tatu na kumi. Nimesoma sura ya kwanza na picha zote. Nimeshachagua: kijivu cha njiwa, rangi ya maziwa, na kijani cha majani makavu ya mnanaa. Rangi zisizopiga kelele. Rangi ambazo ukiziita mbele ya darasa zinakuja taratibu bila kuiva.

Jioni alikuja Silvena, dada yake Lyuben. Yeye hupaka watu rangi za kucha, na hutafuna mbegu za alizeti hata anapoongea. Alikuwa ametegemea waridi na dhahabu. Alizitazama rangi zangu, akatema ganda, akauliza kama tunaoza mtu au tunatangaza hali ya hewa.

Nilimjibu vikali sana. Moyoni.

Alhamisi, 21 Machi

Nilimpelekea Bibi Kerana kitambaa cha meza akione. Bibi anaishi peke yake, milango mitatu kutoka kwetu, na jiko la kuni na kuku sita. Alikipapasa kitambaa, akakisogeza kwenye jicho lake zima, akauliza nani kafa.

Nikasema hakuna aliyekufa, ni harusi ya Ralitsa. Akasema basi asiambiwe Kamen, asije akadhani ni msiba wake yeye.

Mjomba Kamen anakaa Sofia, ghorofa ya nne, na tangu Krismasi anatafuta sababu ya kumhamishia Bibi huko. Krismasi Bibi alimtilia chumvi kwenye kahawa. Mjomba akasema macho ya Mama yamekwisha, kikitokea kitu kimoja tena cha namna hiyo anamchukua, kuku wauzwe. Bibi anasema kahawa ile ilikuwa ya Kamen, na alijua vizuri sana anatia nini.

Nilicheka. Kisha nikatazama kifua chake, nikaacha kucheka.

Martenitsa!

Nilikuwa nimesahau kabisa. Tangu Machi mosi mji mzima umefungwa nyuzi nyekundu na nyeupe, mikononi na vifuani, za kutakiana afya. Na hazivuliwi ovyo. Mpaka uone kwa macho yako mwenyewe korongo aliyerudi au mti uliochanua. Hapo unauvua uzi, unaufunga mtini au unauweka chini ya jiwe, unaomba jambo lako. Miaka mingine tarehe kama hii tumeshamaliza. Mwaka huu ni baridi mpaka leo. Miti imelala. Kiota cha korongo juu ya nguzo ya umeme, mbele ya manispaa, ni kitupu.

Yangu ni uzi mmoja mwembamba, ameufunga Bibi. Silvena anazo tisa, wateja wake wanampenda. Na Bibi kifuani ana wanasesere wawili wa uzi, bwana na bibi, kila mmoja ukubwa wa upawa.

Nimepiga hesabu. Watu ishirini na wawili wakinyanyua glasi kwenye picha, kijivu cha njiwa, maziwa, mnanaa, na juu ya kila mkono nyekundu! Kama harusi imeshikwa na surua.

Jumamosi, 23 Machi

Jana mpango wa kwanza ulikufa. Nilikuwa nimeandika barua fupi ya adabu kwa wageni, kuwaomba wavue nyuzi kwa saa mbili tu. Dada aliisoma akacheka, lakini kwa upole, akaniuliza kama nataka aachike kabla ya saa sita mchana. Akasema nyuzi ziache, watu ni watu. Mimi naona hajafikiria miezi sita ya kitandani melini.

Leo mpango wa pili. Wa kisomi zaidi. Kama watu wanataka uzi, wapewe uzi! Nimesokota jozi ishirini na mbili za kijivu na maziwa, vidole vimechubuka. Nikampelekea Bibi kwanza, maana Bibi akikubali mtaa wote umekubali. Nikamweleza ni martenitsa ileile, ila imetulia.

Bibi aliinua mmoja kwenye mwanga. Akauliza unafungwa mkononi, au kwenye vidole gumba vya marehemu.

Akasema hata hivyo uzi ni imara, asante, mjukuu wangu. Nilipotoka alikuwa anafungia mizabibu yake iliyotoka kupogolewa. Jozi ishirini na mbili zimetosha mizabibu mitatu.

Silvena alipita akaiona. Akasema mizabibu imependeza, harusi yao lini?

Jumatatu, 25 Machi

Sikukuu ya Malaika Kumpasha Maria Habari. Siku ya ruhusa ya samaki katikati ya maharage yote haya ya Kwaresima. Tulikula kwa Bibi. Nikiwa na mwiba wa samaki mdomoni nikapata mpango wa tatu, na huu nauandika kwa aibu.

Nilisema asubuhi nimeona korongo.

Baba akauliza wapi. Nikasema juu ya mto, mbali, alikuwa mmoja, alikuwa anaelekea kaskazini. Nilidhani wataruka kwa furaha na kuanza kufungua nyuzi. Bibi akasema hongera sana, umeona wewe, basi vua wewe. Sisi tutangoja tuone kwa macho yetu.

Nikavua. Wakanitazama wote nikivua. Ilinibidi niuweke chini ya jiwe kwenye ua na kuomba jambo, na sikuweza kuomba kitu, maana nilikuwa nimeiva kama kilichomo ndani ya chungu. Bibi alinipapasa shavu akasema tazama mtoto alivyofurahi.

Sasa mkono wangu ndio pekee mtaani ulio mtupu. Mmoja kati ya ishirini na wawili.

Lakini katika aibu yangu nimejifunza jambo la maana: lazima waone kwa macho yao. Vema. Wataona.

Jumanne, 26 Machi

Korongo siwezi kumtengeneza. Nimefikiria. Shingo ndiyo ngumu.

Maua ya mplamu ni petali tano tu.

Nimechukua pakiti tatu za napkini za karatasi kwenye sanduku la harusi. Zimo pakiti kumi, hakuna atakayehesabu. Rangi ya maziwa, niliyoichagua mwenyewe! Kila napkini inatoa maua manne. Unakunja, unakata, unakaza kwa uzi, unadondoshea tone la kijani katikati. Baada ya shule mpaka chakula cha jioni nimetengeneza mia mbili na kumi na nne. Mama alichungulia akauliza ni kazi ya shule? Nikasema ni biolojia. Akasema Mungu akubariki.

Mplamu wa kona, kwenye bomba la zamani, ndio unaofaa. Kila anayekwenda kununua mkate anaupita.

Jumatano, 27 Machi

Nimefaulu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa juu ya ngazi, ukungu mzito, sionekani. Nimeyatundika matawi ya juu tu, mtu asiyafikie. Nikarudi nyumbani, nikanawa, nikakaa dirishani na kitabu nilichokishika kichwa chini.

Wa kwanza kupita alikuwa Bibi.

Alisimama. Akaweka kikapu chini. Akainua uso, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amegundua. Kisha akageuka na kuanza kukimbia. Bibi Kerana, miaka sabini na tisa, anakimbia! Anagonga kila lango kwa fimbo. Amkeni, wavivu, mplamu umechanua! Mimi ndiye nimeuona! Mimi, na jicho langu moja! Mwambieni Kamen!

Watu walitoka na kandambili. Mama alitazama akavua. Baba akavua. Mzee Gencho, jirani wa mkono wa kulia, alitazama kupitia dirisha lake, akasema naona, naona, akavua bila hata kutoka, baridi ile. Kufikia saa mbili walikuwa wamevua watu kumi. Ukiniongeza mimi, kumi na mmoja. Nusu ya harusi!

Bibi aliwafunga wale wanasesere wake kwenye tawi la chini kabisa, akanong'ona jambo. Halafu akaja kwangu. Ombi halisemwi, kila mtu anajua, lakini alikuwa na furaha mno akaniambia. Ameomba aachwe nyumbani kwake. Na kuku wake. Mpaka mwisho.

Nikasema hongera, Bibi.

Nilikwenda shule. Sikuweza kula mkate wangu.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua.

Ilianza alfajiri ikanyesha kweli. Sikufikiria mvua. Katika kurasa mia tatu na kumi hakuna sura ya mvua, au ipo na sijaifikia.

Saa moja nilikuwa kwenye foleni ya mkate, kona ileile. Mplamu ulikuwa unadondosha uji. Madonge meupe yanateremka tawi kwa tawi, yanaanguka matopeni. Mzee Gencho aliokota moja, akalitandaza kiganjani, akalinusa, akaita foleni nzima ije ione. Karatasi! Jamani, karatasi ya kufutia midomo! Yule aliyevulia dirishani ndiye aliyecheka kuliko wote. Na wote waliovua wakasema wao walimfuata Kerana tu, wao hawakutazama vizuri, Kerana ndiye aliyesema.

Bibi akafika na kikapu chake.

Alisema watoto wa shule wameharibu, lakini maua ya kweli yalikuwapo jana. Aliyasikia harufu. Alimwona nyuki. Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Gencho akamuuliza, Kerana, asali ya napkini inauzwaje kilo? Mama mmoja akasema kwa sauti ya huruma, ambayo ni mbaya kuliko kicheko, maskini, macho yamekwenda, sasa na akili.

Nilikuwa nyuma yake, hatua nne, na mikate miwili. Nilikuwa nimeiva mpaka nywele. Kwa mara ya kwanza maishani niliiva na hakuna aliyenitazama, maana wote walikuwa wanamtazama Bibi.

Nilinunua mkate wa tatu ambao haukuhitajika. Nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 29 Machi

Mjomba Kamen amefika kutoka Sofia. Habari ya nyuki aliipata kwenye kituo cha mafuta kabla hajaingia mjini.

Ameamua. Jumapili, baada ya harusi, anaondoka na Bibi. Hawezi kumwacha peke yake na jiko la kuni mtu anayeona maua yasiyokuwapo. Kuku watakwenda kwa Gencho. Mama alilia kidogo, akasema labda ni kweli. Baba, ambaye hapendi ugomvi, alikwenda kupasua kuni.

Nilitegemea Bibi apigane. Siku zote anapigana, anapigana hata na redio. Hakupigana. Alikaa kwenye kiti karibu na jiko, akaniita, akanipa sindano na uzi, akaniomba nimtungie. Bibi hajawahi kumwomba mtu amtungie uzi. Akasema, labda ni kweli, mjukuu wangu. Labda sioni tena.

Nikamtungia uzi. Andika hilo, Neda. Nilimtungia uzi na mdomo wangu nikaufunga.

Kisha nikafanya jambo la kishujaa kwa namna yangu. Nimeandika barua kwa mkono wa kushoto: "Mama yako anaona vizuri. Maua yalikuwapo, yalikuwa ya karatasi, yalitundikwa na mtu mwenye nia njema. Rafiki wa Ukweli." Nikaitia kwenye mfuko wa koti la Mjomba.

Mjomba aliisoma kwa sauti mbele ya wote. Akasema mwandiko wa mlevi, basi ni Gencho, anatudhihaki. Akatoka bila koti. Walirushiana maneno langoni nusu saa. Gencho alimwita Mjomba mtu wa lifti. Mjomba akamwita Gencho mla kuku wa wajane. Baba alipasua kuni zaidi. Tuna kuni mpaka mwaka kesho.

Silvena alikuwa anapanga vyombo vya harusi. Akanivuta nyuma ya mlango. Akasema pakiti za napkini ni saba, zilikuwa kumi. Na ile rangi aliyoiona matopeni anaifahamu sana, maana siku tisa sasa anahubiriwa habari za rangi ya maziwa. Nikangoja apige kelele. Hakupiga. Akasema kwa sauti ya chini, mimi simwambii mtu, nataka nione utakaa nalo mpaka lini.

Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Jumamosi, 30 Machi (jioni)

Niliamka na uamuzi. Nitasema. Baada ya picha. Hakuna sababu ya kuharibu na picha.

Ukumbi wa manispaa, saa tano. Afisa mwenye mkanda wa rangi tatu begani alisoma haraka. Walipokwisha kutia sahihi, Dada alimkanyaga Lyuben mguu kabla yeye hajamwahi, maana anayekanyaga kwanza ndiye atakayetawala nyumba, na Lyuben akapiga ukelele, watu wakacheka. Mama wa Lyuben akawalisha mkate na asali. Bibi aliketi mwisho wa safu na joho lake jeusi. Hakucheka. Kifuani, pale walipokaa wanasesere, palikuwa na pini tupu.

Tukatoka kwenye ngazi kwa ajili ya picha, chini ya ile nguzo yenye kiota. Nikawapanga. Jamani, ilipendeza! Kijivu cha njiwa nyuma, maziwa katikati, mnanaa pembeni. Wale kumi na mmoja waliobaki na nyuzi nimewaomba waweke mikono nyuma. Silvena aliweka yake nyuma, ananitazama tu. Mpiga picha akasema tayari.

Juu yetu kukasikika ka-ka-ka-ka-ka! Kama mtu anapiga vijiko viwili vya mbao.

Korongo. Amesimama kiotani kwa mguu mmoja, kichwa amekirusha nyuma, anagonga mdomo, kama aliyetumiwa kadi ya mwaliko.

Safu yangu ilivunjika. Watu wanaruka, wanapiga makofi, wanavua. Dada anakata uzi kwa meno, gauni jeupe na kila kitu. Lyuben anabusu mikono ya watu asiowajua. Mti mdogo wa kando ya ngazi ukajaa nyekundu na nyeupe kwa dakika moja. Ndiyo, ndiyo, nimeona pia. Ningengoja tu. Ningekaa tu nikasoma kitabu changu, korongo angewavua wote kwa wakati.

Waliosimama bila kufanya kitu, mikono imening'inia, walikuwa wale kumi waliovulishwa na napkini, na mimi. Wale wengine walishangilia hata hivyo. Bibi hakushangilia.

Mjomba alimshika bega. Akamuuliza polepole kwa sauti kubwa, kama anaongea na mtoto, Mama, unamwona ndege? Bibi alikuwa amemkazia macho yule ndege. Alikuwa anamwona kuliko sisi wote. Akasema, sijui, Kamen. Sijui tena ninachokiona.

Nikasikia mtu anaongea. Ilikuwa sauti yangu, na ilikuwa kubwa. Nikasema maua yalikuwa yangu. Mia mbili na kumi na nne, napkini za harusi, saa kumi na mbili asubuhi, ngazi ya Baba. Nikasema Bibi aliona kilichokuwapo. Nikasema Mama aliona hivyohivyo, Baba aliona hivyohivyo, na Mzee Gencho aliona hivyohivyo akiwa ndani ya nyumba. Nikasema barua ni yangu, mkono wa kushoto. Nikasema na korongo wa Jumatatu hakuwapo. Nilishindwa kunyamaza. Kila sentensi ilinipandisha joto. Nilikuwa naiva mbele ya watu ishirini na mmoja na afisa wa serikali.

Mjomba akauliza kwa nini.

Nikasema, kwa ajili ya mpangilio wa rangi.

Sijawahi kutamka sentensi iliyonitia aibu kama hiyo, na sidhani kama imewahi kutamkwa mjini kwetu.

Bibi alinijia. Nikafumba macho ningoje kofi. Akauliza, mia mbili na kumi na nne? Peke yako? Nikasema ndiyo. Akauliza, na nyuki? Nikasema hapakuwa na nyuki, Bibi, samahani.

Akamgeukia Mjomba. Akasema, mmesikia? Huyu ndiye asiyeona. Nyuki alikuwapo.

Mjomba alifungua mdomo kuzungumzia Jumapili. Lakini sasa watu wote waliovua Jumatano wakawa na maoni makali. Mama akasema macho ya Mama yake hayana kasoro. Gencho akasema kama Kerana anapelekwa Sofia kwa kuona maua yale, basi liletwe basi zima, mtaa wote twende. Mjomba alitazama huku na huku. Akasema sawa, sawa, abaki, lakini daktari wa macho ataonwa baada ya Pasaka. Bibi akasema daktari aje, naye atanywa kahawa.

Silvena alikuwa bado hajamaliza nyuzi zake. Alifungua mmoja, akamfunga Bibi mkononi, akasema haya, Bibi, sasa mtazame huyu wa kweli. Bibi akamtazama, akauvua, akaufunga mtini, akanong'ona. Safari hii hakuniambia. Silvena alikuwa na nyuzi nyingine mbili. Mimi hakunipa.

Dada hakuongea nami mpaka keki. Kisha aliniletea kipande, akakiweka mbele yangu, akasema, harusi yangu, Neda. Harusi yangu. Akaondoka. Kipande kilikuwa kikubwa, na hicho ndicho kilichonifanya nilie.

Mpiga picha alikuwa amebonyeza wakati fulani. Tuliiona kwenye kamera yake. Hakuna uzi hata mmoja unaoonekana mkononi mwa mtu. Kijivu, maziwa, mnanaa, kila mmoja amegeukia upande mmoja. Na katikati kabisa kitu chekundu kimoja tu, kinawaka kama taa ya kusimamisha magari. Lyuben anasema hiyo ndiyo atakayoitundika.

Jumapili, 31 Machi

Adhabu: mpaka Pasaka namletea Bibi kuni kila siku, na nimeupanda mplamu wa kona na ndoo nikabandua karatasi zote, foleni ya mkate ikinitazama. Silvena alikuja kwa makusudi. Alihesabu pamoja nami. Alinishikia ngazi, lazima niseme.

Mjomba ameondoka peke yake. Bibi alimpa chupa ya kahawa ya njiani. Sijui ametia nini.

Nimetafakari kwa kina. Nimeelewa kwamba rangi si kitu, kwamba watu ni watu, kama Dada alivyosema. Kitabu nitakirudisha maktaba kesho. Au keshokutwa, sura ya pili inahusu vitu vidogo, nimeichungulia tu.

Mchana nilikuwa jikoni kwa Bibi natafuta kiberiti. Kabatini kuna pakiti nne za rangi ya mayai ya Pasaka, za mwaka jana. Zote nyekundu! Na hii itakuwa Pasaka ya kwanza ya Dada kama mke, na kikapu cha mayai kitatumwa kwa Lyuben, bandari yoyote meli itakapokuwa, na bila shaka atakipiga picha. Yai la kwanza lazima liwe jekundu, najua, hata mimi si mshenzi. Lakini ni yai moja. Mengine yangeweza kuwa ya kijivu cha njiwa, unapata kwa kuchemsha na matunda ya porini. Rangi ya maziwa ndiyo rahisi kuliko zote, unaliacha yai lilivyo. Hakuna atakayeumia. Na sitagusa mti wowote.

Bibi alikuwa nje anawaita kuku. Nilichukua pakiti tatu nikazisukuma nyuma ya makopo ya achari, rafu ya juu, nikaiacha moja mahali pake. Moja ilikuwa imepasuka kwenye kona, ukaniingia vidoleni unga kidogo, mkavu, hauonekani. Nikaenda bombani kunawa. Ulipopata maji ndipo ulipotoka. Nimesugua kwa sabuni, kwa chumvi na kwa siki. Mikono yote miwili ni myekundu mpaka viwikoni. Bibi ameniita ndani nile, nimemwambia sina njaa, na nimevaa glavu.